Ulizaliwa na Kilo Ngapi?

Mgonjwa wa presha anapoingia chumba cha daktari, maswali anayajua kabla hajaulizwa. Unakula chumvi nyingi? Unavuta sigara? Unakunywa? Mazoezi unafanya? Huyajibu akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa sababu kila swali limebeba lawama ndani yake: umejitakia. Mimi nami kwa miaka mingi niliuliza hayo hayo kwa sauti hiyo hiyo, mpaka nilipoanza kuongeza swali moja linalowafanya wagonjwa wangu wainue uso. Ulizaliwa na kilo ngapi?

Karibu wote hawajui. Wengine hucheka. Lakini ukitulia kidogo, majibu huanza kuja yenyewe. "Mama alikuwa akisema nilikuwa kadogo, nalala kwenye kanga moja iliyokunjwa mara nne." "Mimi na mwenzangu tulizaliwa miezi saba, mwenzangu hakukaa." "Mimi ni mtoto wa mwaka wa unga wa yanga, daktari." Vijana huenda hawaijui kauli hii ya mwisho. Ni ile miaka ya 1974 na 1975, mvua zilipokatika Tanzania, maghala yakabaki matupu, na serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Wananchi wakaupa unga wake jina la klabu yenye jezi za rangi hiyo. Waliokuwa tumboni mwa mama zao mwaka ule leo wana miaka hamsini hivi, umri ambao moyo huanza kudai madeni yake.

Ninalotaka kusema leo ni kwamba hali ya nyumba uliyozaliwa, yaani kazi ya baba, sahani ya mama, idadi ya watu waliolala chumba kimoja, bado imo ndani ya moyo wako. Tunakosea kitabibu, na tunakosea kiutu, tunapomtibu mtu mwenye presha kana kwamba maisha yake yalianza siku alipoonja chipsi.

Nianze na watu ambao kwa kila kipimo walipaswa kuwa salama: madaktari wenyewe. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, kiliwafuatilia kwa miongo mingi wanafunzi wake wa udaktari. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya wanaume 1,131 waliohitimu kati ya 1948 na 1964. Wote walisoma chuo kimoja, wote wakawa madaktari, wote wakapata kipato kizuri na kuielewa miili yao kuliko watu wengine wowote. Tofauti iliyoangaliwa ilikuwa moja, kazi ya baba. Waliotoka katika nyumba za hali ya chini walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla au ifikapo miaka hamsini mara 2.4 ya wenzao. Watafiti wakaondoa kwenye hesabu sigara, uzito, lehemu, kisukari, presha, hata historia ya wazazi wenye ugonjwa wa moyo. Tofauti haikufutika.

Hebu tufikiri maana yake. Mtoto wa mtu wa chini anapanda ngazi zote, anafika juu kabisa, anavaa koti jeupe, na bado moyo wake unaikumbuka nyumba ya kwanza. Elimu haikuifuta kumbukumbu hiyo, wala mshahara. Mtu akiniambia kwamba ugonjwa wa moyo ni suala la nidhamu ya mtu binafsi tu, huwa namtajia wale madaktari wa Baltimore.

Kabla ya hapo, jambo hili lilikuwa limeshaonwa na daktari mmoja wa kaskazini kabisa mwa Norway. Anders Forsdahl alifanya kazi Finnmark, mkoa wa baridi na wavuvi, ambako watu walikuwa wakifa kwa moyo kupita sehemu nyingine za nchi hiyo. Mwaka 1977 alichapisha ulinganisho wa mikoa ya Norway: mahali ambapo watoto wachanga walikufa sana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo ambapo watu wazima walikufa sana kwa moyo miaka ya 1960. Ilikuwa habari ya kushangaza, maana wakati ule kila kitabu kiliandika kwamba ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa shibe. Forsdahl alisema shibe ikimkuta mtu aliyekulia katika dhiki, ndipo inapodhuru zaidi. Wachache walimsikiliza.

Aliyesikilizwa ni David Barker wa Southampton, Uingereza. Huyu Afrika Mashariki tunaweza kumwita mtu wa kwetu kwa kiasi fulani. Alikuwa Makerere kuanzia 1969, akichunguza kidonda cha Buruli, mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke na familia yake mwaka 1972. Mwaka 1986, akiwa na mtakwimu Clive Osmond, aliweka ramani mbili za Uingereza na Wales ubavu kwa ubavu: ramani ya vifo vya watoto wachanga ya 1921 hadi 1925, na ramani ya vifo vya moyo ya 1968 hadi 1978. Zilifanana mno. Lakini ramani huonyesha wilaya, haimwonyeshi mtu. Barker alihitaji majina, na uzito wa kila mtoto siku aliyozaliwa, na cheti cha kifo chake miaka sitini baadaye. Nani duniani anatunza karatasi kama hizo?

Alizipata kaunti ya Hertfordshire, na hapa naomba nikae kidogo, maana sehemu hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa wameingiwa na hofu. Walipokusanya vijana kwa ajili ya vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, waligundua kwamba wengi ni dhaifu na wadogo wa umbo. Serikali ikaanza kujali watoto wachanga. Hertfordshire wakamwajiri mwanamke mmoja, Ethel Margaret Burnside, awe msimamizi wa wakunga na wa wauguzi wanaotembelea majumbani. Kuanzia 1911, kila mtoto aliyezaliwa katika kaunti ile aliandikwa kwenye daftari kubwa: uzito wa kuzaliwa, na alipotimiza mwaka mmoja akapimwa tena, na ikaandikwa kama alinyonya ziwa la mama au chupa. Kwa mwandiko wa kalamu ya wino, mstari kwa mstari, mpaka 1948. Yule mama hakujua kwamba anaandika historia ya moyo. Alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu.

Timu ya Barker iliyatafuta madaftari yale, ikawafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa humo kati ya 1911 na 1930, na mwaka 1989 ikachapisha majibu. Tuseme kiwango cha vifo vya moyo kwa Waingereza wote ni 100. Wanaume waliokuwa na pauni 18 au pungufu, yaani kilo 8.2, walipotimiza mwaka mmoja, kiwango chao kilikuwa 111. Waliokuwa na pauni 27 au zaidi, yaani kilo 12.3, kilikuwa 42. Mtoto wa mwaka mmoja bado anajifunza kusimama, na mizani ilikuwa tayari inasema jambo kuhusu siku yake ya mwisho.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria mama mwenye debe moja la unga, watoto wanne, na mvua bado miezi mitatu. Atagawa. Atampa kwanza yule asiyeweza kuvumilia. Mwili wa mtoto aliye tumboni hufanya vivyo hivyo chakula na hewa vinapopungua: ubongo hupewa kwanza, na viungo vingine hujengwa kwa kilichobaki. Figo, ini, kongosho na kuta za mishipa ya damu hupokea makombo. Mtoto anaokoka, na huo ni ushindi, lakini anatoka na viungo vilivyojengwa kwa kubana matumizi.

Figo ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa wastani vipatavyo milioni moja, lakini idadi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Hutengenezwa mtoto akiwa tumboni, kazi hiyo ikakamilika karibu na wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo kiwanda hufungwa na hakifunguliwi tena. Ulivyozaliwa navyo ndivyo utakavyozeeka navyo, na kadiri miaka inavyokwenda vinapungua tu. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walihesabu vichujio katika figo za watu waliokufa ajalini, kumi waliokuwa na historia ya presha na kumi wasiokuwa nayo. Wenye presha walikuwa na vichujio takriban 702,000 kwa kila figo. Wenzao walikuwa na takriban 1,429,000. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine wa maiti, uliofanyika Marekani, ulionyesha kwamba kila kilo moja ya ziada katika uzito wa kuzaliwa huambatana na vichujio takriban 250,000 zaidi.

Sasa rudi kwenye lile swali la chumvi. Watu wawili wanakula meza moja, dagaa wale wale, chumvi ile ile. Mmoja ana vichujio vya kutosha, chumvi inapita. Mwingine ana nusu yake, kila kichujio kinafanya kazi ya viwili, msukumo wa damu unapanda ili maji na chumvi vitoke. Baada ya miaka thelathini huyu wa pili ana presha. Daktari anamgombeza kwa kukosa kujizuia, ilhali yule wa kwanza, aliyekula zaidi yake, yuko nyumbani anacheza bao. Chumvi aipunguze, tena kwa haraka kuliko mwenzake, kwa kuwa kwake yeye inadhuru zaidi. Ila aambiwe sababu.

Njia nyingine ambayo mwanzo mgumu huufikia moyo ni ya hofu. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja homoni za mfadhaiko za mama zisimfikie mtoto kwa wingi. Ni kama mlinzi wa mlangoni. Mama akiwa na lishe duni, mlinzi huyu hulegea. Kwa hiyo mwanamke mwenye njaa anayeishi na mume mkorofi, au asiyejua kodi ya mwezi ujao itatoka wapi, humpitishia mtoto wake njaa na wasiwasi kwa pamoja.

Kuna wasomaji wenye shaka, na wana haki. Mtoto mdogo huzaliwa katika nyumba maskini, na anakulia katika nyumba hiyo hiyo. Huenda kinachomwua ni umaskini wa baadaye, au damu tu aliyorithi. Mwaka 2002 Rachel Huxley na wenzake walipitia tafiti za uzito wa kuzaliwa na presha, wakaonyesha kwamba katika tafiti kubwa kabisa, kila kilo moja ya uzito wa kuzaliwa ilipunguza presha kwa kiasi kidogo sana, kama milimita 0.6 tu ya zebaki. Ukosoaji ule ulikuwa wa haki. Uliwanyamazisha waliokuwa wakitangaza kwamba kila kitu huamuliwa tumboni, na ninadhani uliifaa jamii ya watafiti.

Lakini uzito wa kuzaliwa ni kivuli tu cha kilichotokea. Kuna mahali ambapo kilichotokea chenyewe kinajulikana tarehe kwa tarehe, na hakikuchagua tajiri wala maskini, mwenye damu hii wala ile. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Amsterdam, mji wa watu waliozoea jibini na siagi, ukashushwa hadi mgao wa kalori kati ya 400 na 800 kwa siku. Watu walichemsha vitunguu vya maua. Mwezi Mei 1945 nchi ikakombolewa, chakula kikarudi. Wanawake waliendelea kubeba mimba na kujifungua katika hospitali ya Wilhelmina Gasthuis, na wakunga wakaendelea kuandika. Miaka hamsini baadaye watafiti, Tessa Roseboom miongoni mwao, waliwatafuta waliozaliwa humo. Waliokutwa na njaa wakiwa katika miezi ya mwanzo ya mimba walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo asilimia 8.8, dhidi ya asilimia 3.2 kwa wasioguswa na njaa. Na zingatia hili: watoto wale wa miezi ya mwanzo walizaliwa na uzito wa kawaida. Njaa ilipita mapema, chakula kikarudi, wakanenepa tumboni, mizani haikuona kitu. Moyo uliona.

Afrika tunao ushahidi wetu. Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, ilizingirwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, na watoto wakafa kwa utapiamlo mbele ya kamera za dunia nzima. Mwaka 2009 watafiti walikwenda Enugu, mji wa eneo hilo, wakawapima watu wazima 1,339: waliozaliwa kabla ya njaa, waliozaliwa ndani yake kati ya 1968 na Januari 1970, na waliozaliwa baada yake. Kundi la katikati, wakiwa na miaka kama arobaini tu, namba yao ya juu ya presha iliizidi ya waliozaliwa baada ya njaa kwa milimita saba, na uwezekano wa namba hiyo kuvuka kiwango cha ugonjwa ulikuwa karibu mara tatu. Vita vile vina sanamu na vitabu. Majeruhi hawa hawakuhesabiwa popote.

Tukumbuke basi kwamba mtoto hazaliwi na mama peke yake. Huzaliwa katika nyumba, na nyumba ina desturi zake. Ni nani anapewa mnofu wa kuku? Mara nyingi si yule mwenye mimba. Katika baadhi ya jamii zetu mjamzito bado anakatazwa mayai. Kijijini, miezi ya kulima ndiyo hiyo hiyo ghala lilipokwisha na mavuno hayajaja, na mwanamke mwenye mimba ya miezi sita yuko shambani na jembe tangu alfajiri, akirudi anakwenda kuteka maji. Ukiniuliza lishe ya mjamzito ni nini, nitakujibu kwamba nusu yake ni chakula anachokula na nusu ni kazi anayopunguziwa. Malaria nayo hukaa ndani ya kondo la nyuma na kumwibia mtoto, ndiyo maana chandarua chenye dawa, vidonge vya SP vya kukinga malaria na vidonge vya kuongeza damu ni dawa za moyo pia, ingawa hakuna aliyewahi kuziita hivyo.

Hata ndoa inahesabika. Uppsala, Sweden, watafiti waliwafuatilia wanaume waliozaliwa kati ya 1915 na 1929, zama ambazo mama asiye na mume alibeba aibu ya kijiji kizima. Waliozaliwa nje ya ndoa walikufa zaidi kwa moyo, lakini hasa wale ambao nao hawakuoa kamwe. Kwangu matokeo hayo ni ya kutia moyo. Yanaonyesha kwamba mwanzo mgumu unaweza kupunguzwa makali na watu wanaokuzunguka baadaye.

Hatari nyingine inawahusu wanaofanikiwa haraka. Watu 8,760 waliozaliwa Helsinki kati ya 1934 na 1944 walikuwa na kadi za uzito tangu kuzaliwa hadi shule. Waliokuja kupata ugonjwa wa moyo kwa kawaida walizaliwa wadogo, wakawa wembamba walipofika miaka miwili, kisha wakaongezeka uzito kwa kasi hadi miaka kumi na moja. Mwili uliojengwa kwa ajili ya uhaba ukakutana na wingi. Ninapoona mtoto aliyezaliwa njiti, sasa ana miaka saba, na familia kwa furaha ya kumwona hai inamjaza soda na chipsi ili "ashike mwili", roho inaniuma. Upendo wao haukosei. Ila hawakuelekezwa.

Siwezi kuzungumzia nyumba na moyo bila kuutaja ugonjwa ambao Ulaya wameusahau. Mtoto anaumwa koo. Ni bakteria tu, sindano ya penisilini ingemaliza. Lakini wanalala saba chumba kimoja cha kupanga, bakteria wanazunguka kitanda kwa kitanda, na zahanati ni nauli. Mwili wake ukipigana na bakteria mara kwa mara huanza kuishambulia milango ya moyo wake mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Anakuja kwetu akiwa msichana wa miaka ishirini, mjamzito, anahema, na mlango wa moyo umekakamaa. Hapo hakuna siri ya tumboni ya kutafuta. Ni wingi wa watu chumbani, basi.

Uganda imetuonyesha njia. Katika utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa nchi, watoto na vijana zaidi ya laki moja walipimwa moyo, na 818 walioonekana kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huu wakagawanywa makundi mawili: kundi moja likapewa sindano ya penisilini kila mwezi, jingine halikupewa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Operesheni ya kubadili mlango wa moyo ukoo mzima hauwezi kuilipia.

Nafurahi kwamba tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapa Dar es Salaam, na wenzetu Uganda wana taasisi yao pale Mulago. Miaka ya nyuma wagonjwa walisafirishwa India, na wengi walikufa wakingoja. Lakini taasisi ya moyo inapokea mwisho wa safari. Mwanzo wake uko kliniki ya wajawazito, na uko kwenye sheria za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni jambo jema kwa mwalimu na karani wa benki. Mama lishe, dada wa kazi, mponda kokoto na mkulima, ambao ndio wengi, hurudi kazini kitovu cha mtoto kikiwa hakijakauka. Watoto wao ndio wagonjwa wangu wa mwaka 2070. Bajeti ya kuwalinda mama hao ningeiweka kwenye fungu la magonjwa ya moyo bila kusita.

Na hospitali zetu nazo zina la kubadilisha. Tunaokoa njiti wengi kuliko zamani. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano katika utafiti uliochapishwa 2021, ulioonyesha kwamba kumweka mtoto mdogo kifuani kwa mama mara tu anapozaliwa, ngozi kwa ngozi, hupunguza vifo vya siku 28 za kwanza kwa robo. Ni habari njema kweli. Lakini mtoto huyo akiruhusiwa, mama anaambiwa habari za maziwa na chanjo, haambiwi kwamba presha ya mwanawe inahitaji kuangaliwa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaelekeza kwamba aliyezaliwa kabla ya wiki 32 apimwe presha hata kabla hajatimiza miaka mitatu. Sisi tunamngoja afike arobaini aanguke sokoni. Mama mwenyewe pia: aliyepata presha ya ujauzito iliyokaribia kifafa cha mimba, hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadaye ni kama mara mbili ya mwenzake. Akishajifungua salama tunampungia mkono, naye hatumwoni tena.

Haya yote hayamhukumu mtu. Wengi waliozaliwa na kilo mbili wanafika miaka tisini wakiwa na nguvu zao. Aliyezaliwa mdogo anahitaji tu kujulikana mapema, apimwe presha tangu ujanani na kila mwaka, ashike mkono mwepesi kwenye chumvi, asinenepe ghafla, na asivute sigara kabisa. Lakini atajulikanaje, ikiwa kumbukumbu hakuna? Hertfordshire walikuwa na madaftari ya Burnside. Sisi tuna kadi ya kliniki, yenye uzito wa kuzaliwa na mstari wa ukuaji wa miaka mitano, iliyojazwa na muuguzi aliyesimama kutwa nzima mbele ya mizani ya kuning'iniza. Mtoto akianza shule, kadi inafungiwa maandazi.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Kadi za watoto wako ziweke pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa, ndani ya mfuko wa plastiki, zisiloe. Na kama mama yako yu hai, mpigie simu wiki hii, umwulize: mama, nilizaliwa vipi? Nilikuwa mdogo? Nilitimiza miezi? Ulikuwa na presha? Mwaka ule mlikuwa mnakula nini? Kama ametangulia, muulize shangazi, au bibi, au yeyote aliyekuwepo. Andika majibu kwenye karatasi, na siku ukienda kupima presha, mkabidhi daktari wako kabla hajaanza kukuuliza habari za chumvi.